Kutoka Hongo hadi Ufisadi: Historia ya Majina ya Uovu wa Mali na Madaraka nchini Tanzania

1.0 Utangulizi

Kiswahili kina hazina kubwa ya maneno ya kutaja tendo baya. Kosa, dhambi, hatia, jinai, dhuluma, uovu na mwiko ni baadhi tu, na hakuna hata moja linaloweza kushika nafasi ya jingine bila maana kubadilika. Kosa, lenye asili ya Kibantu, linatokana na kitenzi kukosa, yaani kutokipata kilicholengwa au kupungukiwa. Mwindaji hukosa mnyama kama vile mwanafunzi anavyokosa jibu. Dhambi, lililotoholewa kutoka Kiarabu, huliweka tendo mbele ya Mungu. Jinai huliweka mbele ya dola. Hatia, nalo lenye asili ya Kiarabu, hutaja hali ya mtu ambaye kosa lake limethibitika. Kwa hiyo tendo moja, kwa mfano karani kupokea fedha ili apitishe jalada, laweza kuwa kosa kwa mwajiri wake, dhambi kwa sheikh au padri wake, na jinai kwa mwendesha mashtaka. Anayechagua jina huwa amekwisha kuchagua hakimu.

Insha hii inachunguza tawi moja la msamiati huo: maneno ambayo Watanzania wameyatumia kutaja uovu unaohusu mali na madaraka, yaani hongo, rushwa, mwiko, ulanguzi, uhujumu, takrima na ufisadi. Mkabala unaotumika ni wa historia ya dhana, unaohusishwa zaidi na mwanahistoria Mjerumani Reinhart Koselleck, aliyesisitiza kuwa dhana huakisi mabadiliko ya jamii na pia hushiriki katika kuyaleta. Hoja inayotetewa ni kwamba kila neno miongoni mwa hayo lilishika nguvu katika kipindi chake kwa sababu lilitoa jibu mahususi kwa maswali matatu: ni nani aliyekosewa, ni nani mwenye mamlaka ya kuhukumu, na mkosaji anaweza kurejea vipi katika jamii. Majibu hayo yalipobadilika, neno lilibadilika maana au lilipisha jingine.

2.0 Hongo: kutoka haki ya mtemi hadi aibu ya karani

Katika karne ya 19 neno hongo lilitaja ushuru. Misafara iliyotoka Bagamoyo na bandari nyingine za mrima kuelekea Unyanyembe na Ujiji ililazimika kuwalipa watawala wa nchi ilizopita. Malipo yalitolewa kwa vitambaa kama merikani na kaniki, kwa shanga na kwa waya. Ugogo ndiko kulikojulikana zaidi kwa jambo hili, kwa kuwa nchi ile ni kame na msafara usingeweza kuivuka bila ridhaa ya wenye visima na chakula. Wasafiri wa Ulaya waliopita huko, wakiwamo Richard Burton na John Speke katika safari yao ya 1857 hadi 1859, na Henry Morton Stanley mwaka 1871, waliandika kwa uchungu kuhusu siku zilizopotea katika majadiliano ya hongo. Hata hivyo, walilipa. Ndani ya malalamiko yao mna ushahidi kwamba hongo ilikuwa na utaratibu: ilijadiliwa hadharani, kiasi chake kilipatanwa, na aliyeilipa alipata njia, maji na ulinzi.

Katika mazingira hayo hongo halikuwa jina la uovu. Mwovu alikuwa yule aliyejaribu kupita bila kulipa, au mtawala aliyepokea malipo kisha asitimize ahadi. Mamlaka ya kutoza yalikuwa sehemu ya utawala wenyewe. Mtemi Mirambo alipoifunga njia ya Tabora mwaka 1871, mojawapo ya mambo yaliyogombewa kati yake na wafanyabiashara wa Kiarabu lilikuwa ni haki hiyo ya kudai ushuru katika ardhi yake.

Mabadiliko ya maana yanaeleweka vizuri zaidi yakitazamwa sambamba na kuanguka kwa mamlaka hayo. Baada ya serikali ya Ujerumani kuchukua utawala rasmi mwaka 1891, na hasa baada ya amri ya kodi ya nyumba ya 1897, haki ya kutoza ilihodhiwa na dola mpya. Malipo halali yaliitwa kodi na ushuru. Malipo ambayo mtu aliyekaa njiani, mlangoni au mezani aliyadai kwa faida yake hayakuwa tena na mtemi wa kuyahalalisha. Neno hongo likabaki na umbo lake la awali, yaani kumlipa mwenye kuzuia ili aruhusu, likapoteza uhalali uliokuwa umelizunguka. Kitenzi kuhonga kimepanuka hata kufikia zawadi anazotoa mwanamume ili kumvuta mwanamke, matumizi ambayo nayo yamehifadhi lile wazo la kununua njia.

Methali ya pwani isemayo penye udhia penyeza rupia imehifadhi hatua ya kati ya mabadiliko hayo. Rupia ilikuwa sarafu ya pwani na ya koloni la Kijerumani, na iliondolewa katika mzunguko mwanzoni mwa miaka ya 1920. Methali imedumu kuliko sarafu yake. Kitenzi penyeza ndicho cha kuzingatiwa: kile ambacho hapo awali kilihesabiwa hadharani mbele ya wazee sasa kinapitishwa upenyoni. Siri hiyo ni dalili kwamba tendo limekwisha kuhamia upande wa aibu, ijapokuwa methali yenyewe inalishauri.

3.0 Rushwa na lugha ya haki

Neno rushwa lilikuja na historia tofauti. Linatokana na Kiarabu rishwa, ambalo wanaleksikografia wa Kiarabu walilihusisha na rishaa, kamba ya kuteremshia ndoo kisimani. Mtoa rushwa, kwa taswira hiyo, ni mtu anayetafuta kamba ya kufikia kisichofikika. Katika fikihi ya Kiislamu neno hili lilifungamana zaidi na kadhi na mtawala, yaani watu waliokabidhiwa kuamua baina ya wengine. Sura ya al-Baqara, aya ya 188, inakataza kula mali kwa batili na kuipeleka mali kwa mahakimu ili kupata sehemu ya mali ya watu kwa dhambi. Hapa anayekosewa ni mwenye haki aliyeshindwa kesi yake, na juu yake Mungu aliyeamuru uadilifu.

Inafaa kuzingatiwa pia kwamba Kiswahili husema kula rushwa na kula hongo. Kitenzi kula kina matumizi mapana katika lugha hii: mtu hula kiapo, hula njama, hula hasara. Hata hivyo, kinapoambatana na mali ya mwingine, kama katika kula mali ya yatima, huleta wazo la kitu kilichomalizwa kisichoweza kurudishwa kilivyokuwa. Lugha ya mtaani imeliendeleza wazo hilo la kula na kunywa katika majina laini kama chai. Majina hayo hupunguza ukubwa wa tendo na kulivisha vazi la ukarimu, jambo litakalojitokeza tena katika mjadala wa takrima.

Chama cha TANU kilipoingiza rushwa katika ahadi za mwanachama wake, kilikitaja kitendo hicho kuwa adui wa haki na kumfunga mwanachama asitoe wala asipokee. Uteuzi wa neno ulikuwa makini. Rushwa lilikuwa tayari limebeba uhusiano na haki na hukumu. Chama kilichodai kurejesha haki ya wananchi baada ya ukoloni kilipata ndani yake lugha ambayo Mwislamu aliifahamu kutoka madrasa na Mkristo kutoka Biblia ya Kiswahili. Dola nayo ikalifuata. Kikosi cha Kuzuia Rushwa kiliundwa mwaka 1975, baadaye kikawa Taasisi ya Kuzuia Rushwa (TAKURU), na kwa sheria ya 2007 kikawa Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa (TAKUKURU). Vyombo vilibadilishwa muundo na jina, lakini neno la msingi halikuguswa.

4.0 Miiko, ulanguzi na hujuma, 1967–1984

Azimio la Arusha la Februari 1967 lilianzisha masharti ya uongozi ambayo yamejulikana kwa jina la miiko ya uongozi. Kiongozi hakuruhusiwa kuwa na hisa katika kampuni yoyote, kuwa mkurugenzi wa kampuni binafsi, kupokea mishahara miwili au zaidi, wala kuwa na nyumba za kupangisha. Matendo hayo, kwa raia wa kawaida, hayakuwa kosa, dhambi wala jinai. Neno lililohitajika lilikuwa lile linalotaja katazo lililofungwa na hadhi ya mtu, na mwiko ndilo hasa lenye maana hiyo. Katika jamii nyingi za Tanzania mwiko hutofautiana baina ya ukoo na ukoo, mjamzito na asiye mjamzito, mganga na asiye mganga. Anayeuvunja hahitaji kuwa amemdhuru mtu. Ameivunja hali iliyompa nafasi yake. Kwa kulitumia neno hilo, siasa ya Ujamaa iliufanya uongozi kuwa hadhi yenye masharti yake, kama vile jando au uganga. Mwaka 1991, Azimio la Zanzibar lilipolegeza masharti hayo, hakuna aliyehitaji kutangaza kwamba kupangisha nyumba kumekuwa kwema. Ilitosha kwamba mwiko umeondolewa.

Msukosuko wa uchumi wa mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, uliochochewa pia na gharama za vita vya Kagera vya 1978 na 1979, ulileta maneno makali zaidi. Bidhaa kama sukari, sabuni na unga zilipoadimika, kitenzi kulangua, yaani kununua bidhaa ili kuziuza tena kwa bei ya juu, kilizaa jina la lawama: mlanguzi. Mwaka 1983 serikali ilianzisha kampeni kubwa iliyoongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, na watu waliokamatwa waliitwa wahujumu uchumi. Hujuma, kutoka Kiarabu, ni shambulio. Nchi iliyotoka vitani miaka michache tu nyuma ilipewa adui mwingine kwa lugha ileile ya kivita.

Matokeo ya jina hilo yalionekana katika sheria. Mkosaji wa kawaida ana haki ya dhamana na wakili. Mshambuliaji wa taifa alitazamwa kwa jicho jingine. Sheria maalumu ya uhujumu uchumi ya 1983 ilianzisha chombo maalumu cha kusikiliza mashauri, ikazuia dhamana na uwakilishi wa mawakili. Mwaka uliofuata ilibadilishwa na sheria nyingine iliyorejesha mashauri hayo chini ya Mahakama Kuu. Jina, hata hivyo, lilibaki katika sheria, na hadi leo mtu anaweza kushtakiwa kwa kuhujumu uchumi katika nyakati ambazo hakuna anayekumbuka foleni za sabuni.

5.0 Takrima: jaribio la kubadili jina

Historia ya hongo ilikuwa ya neno halali lililogeuka kuwa jina la uovu. Takrima ni mfano wa mwendo wa kinyume. Neno hili, lenye asili ya Kiarabu inayohusu kuheshimu na kukirimu, lilitumika kutaja mapokezi mema ya mgeni. Marekebisho ya sheria za uchaguzi ya mwaka 2000 yaliruhusu mgombea kutoa takrima kwa nia njema kama ukarimu wa kimila, na kueleza kuwa kitendo hicho kisihesabiwe kuwa rushwa.

Ugumu wake ulikuwa dhahiri. Pilau ileile iliyopikwa wakati wa kampeni ingeweza kuitwa rushwa au takrima kwa kutegemea nia ya mpishi, na nia haionekani sufuriani. Aidha, ukarimu wa kimila una sharti ambalo sheria haikulizingatia: mwenyeji humkirimu mgeni aliyemjia na hamdai kitu. Mgombea, kwa upande wake, ndiye anayebisha hodi, na anayo haja. Asasi za kiraia zililipeleka suala hilo Mahakama Kuu, ambayo mwaka 2006 ilibatilisha vifungu hivyo kwa kuwa vilikiuka Katiba, ikiwa ni pamoja na misingi ya usawa baina ya wagombea wenye uwezo na wasio na uwezo.

Kwa historia ya dhana, umuhimu wa shauri hilo ni kwamba mahakama ililazimika kuamua juu ya maana ya neno. Takrima lilishindwa mahakamani, lakini halikurudi katika usafi wake wa awali. Tangu wakati huo ni vigumu kulitumia katika habari za siasa bila msikilizaji kutabasamu. Jaribio la kuusafisha uovu kwa jina jema liliishia kulichafua jina.

6.0 Ufisadi na kuzaliwa kwa fisadi

Tume ya Rais ya kuchunguza kero ya rushwa, iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba na kutoa ripoti yake mwaka 1996, ilitofautisha wapokeao rushwa ndogo kwa sababu ya kipato duni na wapokeao rushwa kubwa kwa sababu ya tamaa. Kiswahili cha umma kilikuwa na neno moja tu kwa wote wawili. Pengo hilo lilizibwa na ufisadi.

Kiarabu fasaad hutaja kuharibika. Katika matumizi ya zamani ya Kiswahili fisadi alikuwa mharibifu, na hasa mwanamume aharibuye wake na mabinti za watu. Alikuwa mtu wa kufungiwa mlango. Katika muongo wa kwanza wa karne ya 21 neno hili lilihamia kwa nguvu katika uchumi wa umma. Mnamo Septemba 2007 viongozi wa upinzani walitangaza orodha ya watuhumiwa katika mkutano wa hadhara kwenye viwanja vya Mwembeyanga, Temeke. Sakata la Akaunti ya Malipo ya Nje katika Benki Kuu, ambako zaidi ya shilingi bilioni 130 zilibainika kulipwa isivyo halali, na lile la mkataba wa umeme wa dharura lililomfanya Waziri Mkuu ajiuzulu Februari 2008, yalilifanya neno kuwa la kila siku.

Maana ya zamani haikutoweka yote. Fisadi wa zamani aliingia katika nyumba asiyoruhusiwa na kuharibu kilichotunzwa na wengine. Fisadi mpya aliingia hazina. Hasira iliyokuwa ya familia ikawa ya taifa. Zaidi ya hayo, kisarufi mla rushwa ni mtu aliyetajwa kwa tendo lake, na anaweza kuacha kula. Fisadi ni aina ya mtu. Neno lenyewe halionyeshi mlango wa kutokea.

Tofauti hii inaonekana pia kati ya nchi jirani. Nchini Kenya ufisadi limekuwa neno la jumla, hata katika jina la chombo cha kitaifa, Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi. Nchini Tanzania rushwa limebaki kuwa neno la sheria na ufisadi likawa la jukwaa. Mwaka 2016 ilipoanzishwa divisheni ya Mahakama Kuu ya kushughulikia makosa ya rushwa na uhujumu uchumi, vyombo vya habari na wananchi waliiita Mahakama ya Mafisadi. Jina rasmi hutaja makosa. Jina la mtaani hutaja watu, na huwataja kabla ya hukumu. Yeyote anayeingia katika mahakama yenye jina hilo akiwa mtuhumiwa tu, amekwisha kuitwa kile ambacho mahakama bado haijathibitisha.

7.0 Jina na aliyeumizwa

Ufisadi ulipoacha maana yake ya zinaa, rushwa ikaipokea. Sheria ya 2007 ilifanya kuwa kosa kwa mwenye mamlaka kudai upendeleo wa kingono ili atoe ajira, huduma au haki nyingine, na kitendo hicho kimejulikana kwa jina la rushwa ya ngono. Jina hili limesaidia kuliondoa jambo katika minong'ono na kulifikisha katika dawati la mpelelezi.

Hata hivyo, limerithi muundo wa rushwa. Rushwa ina mtoaji na mpokeaji, na wote wawili ni wakosaji. Mwanafunzi aliyelazimishwa ili apate alama zake, au mwombaji kazi aliyewekewa sharti hilo, hana kilichopenyezwa upenyoni, amenyang'anywa. Kwa mizani ya msamiati wa Kiswahili tendo hilo liko karibu zaidi na dhuluma, neno ambalo daima lina mdhulumu na mdhulumiwa na halichanganyi nafasi zao. Anayekwenda kushtaki rushwa analazimika kwanza kueleza kwa nini yeye si mtoaji, ilhali anayekwenda kushtaki dhuluma hahitaji maelezo hayo.

8.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha kuwa maneno ya uovu wa mali na madaraka nchini Tanzania hayakurithishana kwa nasibu. Hongo liligeuka kuwa aibu pale mtemi alipopoteza haki ya kutoza. Rushwa lilidumu kwa sababu lilifungamana na haki. Mwiko ulilinda hadhi ya uongozi, na ulipoondolewa haukuacha kosa nyuma yake. Hujuma ilimgeuza mkosaji kuwa adui na kumpunguzia kinga za mshtakiwa. Takrima lilijaribu kuuondoa uovu kwa kuubadili jina. Ufisadi ulitoa jina kwa ukubwa wa wizi ambao rushwa lilishindwa kuubeba, lakini uliutaja kwa namna inayomhukumu mtu mzima.

Suala hili lina uzito wa pekee tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Wanaotafsiri sheria sasa wanaamua, kwa neno wanaloliteua, ni nani atakayeonekana kuwa ameumizwa na ni nani atakayeonekana kuwa mshirika. Inapendekezwa kwamba kazi hiyo ifanywe kwa kuzingatia historia ya kila neno, na ianze na rushwa ya ngono, kwa kuwa hapo ndipo jina linapoweza kumgeuza aliyedhulumiwa kuwa mshtakiwa.